Chandarua cha Dhahabu

Jumanne, 2 Mei 1995
Dhahabu kapiga ndoo teke tena. Maziwa yote chini! Si kosa lake, maskini. Mvua hizi zimejaza nzi Timbwani nzima, na wote wamehamia miguuni pa ng'ombe wetu. Mke wangu Mwanatabu, ambaye ndiye mwenye ng'ombe, kasema kaka yake Boga anatafuta wa kuchinja Idi Kubwa. Idi ni Jumatano ya wiki ijayo! Dhahabu nimemlea mimi tangu ndama.

Jumatano, 3 Mei
Bwana mifugo, Musyoka, katuletea chandarua kilichotiwa dawa. Si cha kitandani. Huzungushwa banda zima, urefu wa kiuno, kwa kuwa nzi huruka chini chini. Akikigusa tu, kwisha habari yake. Kaonya kisifuliwe. Jirani yetu Thoya anacho tangu mwezi jana. Cheusi kwa uchafu kama kaniki. Aibu tupu!

Ijumaa, 5 Mei
Nzi chali kila mahali! Mwanatabu kakamua ndoo nzima bila teke hata moja. Kasema Boga atafute kwingine. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Ila chandarua kishatapakaa samadi, na Boga anakuja Jumapili kula chakula cha mchana. Shemeji atanionaje?

Jumamosi, 6 Mei
Mwanatabu kaenda arusini Mtongwe. Nafasi ndiyo hii. Nimekiloweka kwa maji moto na sabuni ya unga, nikakisugua hadi mikono ikachubuka. Kinameta kama kanzu ya maulidi! Nimemwita Thoya aje aone. Kakitazama sana, kisha kaniuliza kama mimi ni mzima wa akili. Wivu, wallahi.

Jumapili, 7 Mei
Balaa! Nzi wamerudi na jamaa zao. Wanatua juu ya chandarua kupumzika! Dhahabu kapiga ndoo teke, maziwa yakamwogesha Boga na kanzu yake mpya. Kasema Jumanne anakuja kumchukua, na Mwanatabu hakukataa. Mimi nimesema dawa ya Musyoka ni mbovu. Jioni nimekaa bandani. Dhahabu kanilamba mkono. Nimeona uchungu sana.

Jumatatu, 8 Mei
Thoya, bila kuombwa, kaenda asubuhi kumwita Musyoka na kumwambia kila kitu. Mbea mkubwa! Musyoka kakichovya chandarua upya, kisha kasema mbele ya mke wangu: "Mzee Mwidani, dawa uliifua ukaimwaga. Usitie sabuni tena, tafadhali." Mwanatabu kachukua sabuni yote, kaifungia sandukuni. Afadhali angegomba.

Jumatano, 10 Mei, Idi
Boga kachinja mbuzi! Jana alikuja na kamba, akaona ndoo imejaa maziwa, akarudi na kamba yake tupu. Leo chai ya maziwa ya Dhahabu imesifiwa na kila mgeni. Mwanatabu kacheka nami, alhamdulillahi. Lakini Thoya, pilau yangu bado mdomoni mwake, kasema chandarua changu sasa kinafanana na chake. Kweli, kishaanza kushika vumbi. Na mama mkwe anakuja Jumamosi!
Sabuni imekatazwa, nimesikia. Majivu na ndimu hakuna aliyeyataja.