Mishale ya Mama Vikombe

Jumatatu, tarehe 6

Daftari hili nimeliokota chumba wanachosomea wanafunzi wa masta. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa na maandishi ya mtu, nimezichana. Mhadhiri wao anasema kiongozi lazima aandike mawazo yake kila siku. Basi na mimi naandika, maana kuanzia leo mimi ni kiongozi. Bado kutangazwa tu.

Habari yenyewe ni moto! Msimamizi wetu wa usafi anastaafu Ijumaa. Bwana utumishi kasema haleti mtu wa nje, atachagua kati yetu sisi wanane. Msimamizi ana chumba chenye dirisha. Ana kiti! Mimi miaka kumi na tisa napiga deki na kugawa chai chuo hiki, na nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Magoti yangu yanalia kama bawaba. Kile kiti nimeshakikalia mara moja, mwenyewe akiwa msalani. Kinazunguka.

Mpinzani ni mmoja tu, Kimya wa ghorofa ya pili. Tumempa jina hilo kwa sababu maneno yake ya siku nzima unaweza kuyafunga kwenye leso na nafasi ikabaki. Mtu asiyeongea ataongozaje watu? Kwa ishara?

Saa kumi nikapeleka chai kwa masta. Hawa ni watu wazima, wana kazi zao, wengine wana vipara, wanakuja kusomea ubosi wa biashara. Nikachelewesha kumimina makusudi. Mhadhiri, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akasema kiongozi mzuri hafanyi kila kazi mwenyewe, anakasimu. Yaani anawapa wengine wafanye. Nusura niangushe sinia! Kumbe miaka yote hii nilikuwa kiongozi, na watu wananiita mvivu!

Jumanne, tarehe 7

Nimekasimu. Ngazi zote nimempa Kimya. Vyoo vya chini nimempa Kimya. Madirisha ya ukumbi nilitaka nimpe mlinzi wa getini, akaniuliza kama nina homa, nikampa Kimya. Hakubisha, aliitikia kwa kichwa tu. Mimi nikakaa kwenye ndoo nikawaza mbali, kama mhadhiri anavyotaka.

Saa tano bwana utumishi akapita. Akasimama kwenye ngazi, akapitisha kidole kwenye chuma cha kushikia, akakitazama kidole. Safi! Akauliza nani kafanya kazi hii. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya kukasimu, mlinzi akanitangulia: "Kimya huyo, bosi. Toka asubuhi hajapumzika hata kidogo." Bwana utumishi akaandika kwenye kijitabu chake. Akanigeukia, mama, wewe je, unafanya nini hapo? Nikasema nawaza. Akaandika na hilo pia.

Sikati tamaa. Kaniandika!

Jumatano, tarehe 8

Masta wana mchoro wao wa vyumba vinne: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Wanauchora kwa kila kitu. Basi leo kabla hawajaingia nikachukua kalamu ya ubao nikamchora Kimya. Nguvu: anajua kazi. Udhaifu (hapo niliwaza mpaka maji ya chai yakachemka): anavaa soksi za rangi mbili. Fursa: anaweza kupata mchumba wa mbali akahama. Vitisho: yeye mwenyewe.

Sijafuta, mlango huo ukafunguka! Wameingia wote. Wakasoma. Wakacheka mpaka wakashika meza. Yule mkubwa wa benki, ambaye mimi namwita Tai Nyekundu kwa ile anayovaa shingoni, akauliza kwa heshima nani mwandishi. Nikasema ni mimi, mwanangu, na nina mengine.

Na hapo ndipo bahati iliponidondokea. Kundi lake lina kazi ya kuchunguza sehemu ya kazi ya kweli kwa siku moja, halafu Ijumaa waieleze mbele ya mhadhiri na wakubwa wa chuo. Bwana utumishi atakuwepo! Duka walilopanga kulichunguza limewafukuza asubuhi. Wasipopata pengine, masta yao inarudi nyuma mwaka mzima. Jasho linawatoka. Nikaruka: "Tuchunguzeni sisi! Kila kitu nitawaeleza. Ila mseme wazi mbele ya watu, kiongozi wa kweli hapa ni nani." Akasema watasema watakachokiona. Nikamwambia hilo tu ndilo ninaloliomba.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu. Ni fundi saa, alikuwa na kile kioo chake jichoni. Akauliza, yaani umewaita watu wenye kalamu waje wahesabu unavyofanya kazi? Nikasema ndiyo. "Wewe?" Ndiyo, mimi! Akatoa kioo, akanitazama kwa macho yote mawili. Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 9

Siku kubwa kuliko ya harusi yangu! Harusini niliambiwa ninyamaze.

Njia yao ni hii. Kila mmoja wetu wamemchorea duara kwenye karatasi kubwa. Ukimsemesha mwenzako, wanachora mshale kutoka kwako kwenda kwake, na pembeni wanaandika umesema nini. Basi! Kazi yangu nikaijua. Nimeanza saa moja na nusu asubuhi na sijameza mate. Mwanamke wa maktaba nimempa habari za talaka ya jirani yangu. Mlinzi nimempa habari za mwanamke wa maktaba. Tai Nyekundu mwenyewe nimemweleza nani analala stoo baada ya chakula cha mchana (mimi, lakini ni sababu ya magoti). Saa nane mwenzake aliyekuwa anachora akaomba kalamu nyingine. Ya kwanza nimeimaliza mimi!

Jioni nikachungulia karatasi. Duara langu limeota miba kama nungunungu. La Kimya limetoa mishale michache tu, na maneno pembeni ni yale yale: "Kule." "Rafu ya chini." "Bado." Masikini, nimemhurumia.

Nimemwambia mume wangu anitafutie mto wa kuweka kwenye kiti.

Ijumaa, tarehe 10

Nimevaa viatu vinavyobana, kwa ajili ya picha. Nikasimama nyuma na sinia langu la vikombe. Mhadhiri mbele, bwana utumishi pembeni yake, sisi wasafishaji tumepangwa ukutani. Tai Nyekundu akawasha projekta, na maduara yetu yakatokea makubwa kama mashuka. Watu wakaguna walipoona langu. Nikainama kidogo, kwa adabu.

Akasema kutoka kwa Mama Vikombe, yaani mimi, siku moja tu imetoka mishale mia mbili na kumi na miwili. Nikainama tena. Akasema inayomwelekeza mtu kazi ni mitatu. Miwili kati ya hiyo ilikuwa na maelekezo ya uongo.

Halafu akabonyeza kitu, na mishale yangu ikafutika karibu yote. Pwa! Ukuta mweupe. Ikabaki ile tu ya watu wanaouliza habari za kazi. Sabuni iko wapi. Choo kipi kimeziba. Ufunguo wa ukumbi anao nani. Na yote, yote, inakwenda kwa Kimya. Hata yangu! Nimemuuliza mara tisa, eti. Akasema kundi hili halihitaji kutafutiwa kiongozi, tayari linaye, ni yule ambaye wenzake wakikwama wanamfuata. Bwana utumishi akasimama pale pale akasema naye hana haja ya kuwaza zaidi. Msimamizi mpya ni Kimya.

Mhadhiri akawapa alama za juu. Makofi ukumbi mzima! Na mimi nikapiga, kwa mazoea, nikasahau kwamba nimeshika sinia. Vikombe kumi na viwili.

Nikapiga magoti kuokota vipande, maana nisingeweza kumtazama mtu usoni. Ndiyo, machozi yalikuwepo, naandika kwa kuwa daftari halisemi. Mara naona soksi za rangi mbili. Kimya. Kachuchumaa karibu yangu anaokota. Nikamwambia, hongera shoga, sauti ikatoka kama ya kuku. Akasema, "Magoti yako. Inuka. Nitamaliza." Maneno manne! Mfululizo! Nikainuka.

Baadaye nikachungulia chumba cha dirisha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukipandisha kiti juu ya meza akadeki chini yake. Mpaka tunaondoka hajakikalia. Kiti kinazunguka, na mtu hana habari nacho!

Mume wangu hakucheka. Kaniletea maji ya moto ya miguu, akaniuliza polepole kama kuna nililojifunza. Nikamwambia sana. Nipe tu siku mbili nipange.

Jumatatu, tarehe 13

Nimeligundua kosa! Lilikuwa dogo tu. Mimi nilihangaika na mishale ya kutoka, kumbe inayohesabiwa ni ya kuingia. Mtu anaulizwa kwa sababu anajua sabuni iko wapi. Si basi? Leo nimefika kabla ya wote. Sabuni yote, dawa ya vyoo na mafagio mawili nimevihamisha. Sasa tuone wakikwama watamfuata nani!

Na kundi jingine la masta linatafuta pa kuchunguza wiki ijayo. Nimeshawaalika. Wamefurahi sana, wanasema habari zangu wanazo.

Nilipovificha ni siri kubwa. Ni mimi tu ninayejua. Na mlinzi, kwa sababu aliniuliza nimebeba nini. Na mwanamke wa maktaba, lakini huyo nimemwapisha. Na Kimya, maana pale juu ya kabati nisingefika, ilibidi anishikie ngazi.