Mjukuu wa Kwenye Kompyuta

Wanangu wa grupu, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya mama mzazi, shangazi na mama mwenye nyumba, wote kwa mpigo, na hapa ninapoandika masikio bado yanawaka moto. Najua mlikuwa mnasubiri voisi yangu ya magemu ya wiki hii. Voisi haiji. Kaeni niwaambie kwa nini.

Utaratibu wangu mnaujua. Jumamosi nisipokuwa na zamu dukani (natengeneza simu na kompyuta za watu pale mjini, kwa wageni wa grupu), najirekodi nikieleza magemu niliyocheza, halafu nawatumia mnibishie. Leo umeme ulikuwepo. Mtaa wote wa Kimandolu kimya. Nikachemsha chai, nikavaa hedifoni zangu kubwa za mtumba, zile ambazo ukizivaa hata bati likianguka husikii, nikaanza kurekodi.

Nikaanza na lile la malori ya mlimani. "Wadau, picha zake ni nzuri mpaka nimevaa sweta. Theluji unaiona inavyopasuka chini ya tairi. Ila lori lenyewe linateleza kama sabuni bafuni. Kila nikipeleka magogo, magogo yanafika mtoni kabla yangu." Nikasema asiye na subira asiliguse, na mwenye subira naye ajiandae kuipoteza.

Nikaja la pili, la maiti wanaotembea. Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Lile gemu linatisha, na mimi naogopa (ndiyo, mwanamume mzima, ndevu hizi). Siwezi kulicheza mlango ukiwa umefungwa. Lazima nione jua, nione kuku wa mama mwenye nyumba wakipita, ndipo niamini dunia bado ipo. Kwa hiyo nikafungua mlango wa chumba ukabaki wazi, nikarudi kwenye kiti, mgongo nikaupa mlango, nikacheza kipande kidogo ili mnisikie ninavyopiga kelele.

"Maadui wenyewe wazito," nikawaambia, "unawazunguka tu kama unacheza na mtoto. Kinachomaliza watu ni sauti ya mlango wa stoo. Aliyeirekodi hiyo sauti ana roho mbaya."

Mlango wangu mwenyewe nikausahau.

Halafu nikafika kwenye gemu la shamba. Jamani, mimi nalipenda lile gemu. Siwezi kuficha. Unaanza na kipande cha ardhi kimejaa mawe na visiki, unalima polepole, mvua inakuja wakati wake, ukipanda unavuna. Hakuna mteja wa kukwambia simu uliyomtengenezea jana imezima tena. Na kule kijijini mwa gemu unaishi kama mtu: unapatana na majirani, unaposa, unaoa, unapata mtoto. Nikafumba macho, nikaongea kwa hisia. Nikamwaga yote, kuanzia mazao na mifugo mpaka maisha yangu ya ndoa mle ndani.

Nilipomaliza nikavua hedifoni, nikageuka.

Kizingitini kulikuwa na mkungu wa ndizi.

Ndizi nzuri, mbichi, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba kwa fundo ambalo hapa duniani nalijua la mtu mmoja tu. Baba. Baba yangu anaishi kule juu Akheri, ana kahawa na migomba yake, na mjini hashuki ovyo. Nikatoka nje nikaangaza uani. Hakuna mtu. Nikampigia, simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Baba yangu simu yake huwa haitumiki! Mzee akipokea anasema "nimesikia" na anakata kabla hujamwambia alichosikia. Leo alikuwa anaongea na nani muda wote huo?

Mwishowe akapokea.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Baba, mbona umeacha ndizi ukaondoka?"

"Nilikukuta una mazungumzo."

"Si ungenigusa bega tu?"

"Kuna maneno mtu akiyasikia inabidi kwanza aende akakae peke yake." Sauti ilikuwa ya msibani kabisa. "Anaeli, usitoke hapo. Mama yako yuko njiani."

Akakata. Nikapiga, simu imezimwa. Nikampigia Mama, inaita tu. Nikajua tumefiwa. Nikamwaza bibi, nikamwaza na yule mjomba wa kule Usa anayeumwa kifua. Nikashindwa kukaa. Ili mikono ipate kazi, nikaamua nisikilize ile rekodi nipunguze kelele zangu za kwenye maiti.

Wanangu. Maiki ilikuwa imemnasa Baba.

Nilisikia sauti yangu, imeshiba furaha: "Halafu kuna jambo nimewaficha. Nimeoa! Nimemuoa binti wa mwenye duka la mbegu."

Kwa mbali: "Hodi."

"Nilimpelekea maua kila siku. Kila siku, wadau! Harusi tumefanya chapuchapu, wazazi sikuwaalika."

"Hodi humu ndani?"

"Na tumeshapata mtoto."

Hapo kuna kimya. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Kile kimya mimi nimekisikiliza mara nyingi leo, na kila mara kinazidi kuwa kirefu.

"Mtoto tumemuita Kabichi."

"Mungu wangu," akasema Baba, taratibu.

Mjue sikuishia hapo. Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Nikaendelea, kwa sauti ya mtu aliyezoea mambo makubwa: "Ila sema ukweli, mke mwenyewe ameshanichosha. Kila asubuhi maneno ni yaleyale. Nafikiria nimwache, nimchukue yule daktari wa kijiji. Kumwacha ni rahisi, unaenda kwa mtendaji, yanaisha palepale."

Na hapo ndipo unasikia mkungu ukiwekwa chini. Pu! Halafu hatua za mzee zikiondoka.

Nikampigia Baba, imezimwa. Nikampigia Mama, inaita. Shangazi Eliakunda, anayeishi nyumba ya pili kutoka kwetu kule Akheri, naye inaita. Nikamwandikia Mama ujumbe, "Mama ni gemu tu," kisha nikakumbuka Mama ujumbe husomewa na Baba. Nikasema niwafuate barabarani. Nikavaa kiatu kimoja, na cha pili nilikuwa bado nakitafuta chini ya kitanda niliposikia sauti ya Mama uani, anamsalimia mama mwenye nyumba, Mama Glory.

"Na mkwe wangu yupo?" Mama akauliza.

"Mkwe yupi?" akajibu Mama Glory. "Huyu kijana wako? Huyu hajawahi kuleta hapa hata paka!"

"Basi amewaficha na ninyi."

Wakaingia wote watatu. Mama mbele, amevaa kile kitenge cha Krismasi na viatu vya kanisani, vumbi la njia ya kule juu limefika kifundoni. Shangazi nyuma, amebeba chupa kubwa ya mtori wa ndizi, ule mzito anaopewa mwanamke aliyejifungua. Mama Glory mwisho, hakualikwa na mtu ila hakuwa tayari kukosa.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wako wapi?"

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Sijaja kugombana, Anaeli. Baba yako amelia, lakini mimi nimemwambia tutayamaliza, mtoto ni mtoto. Jina la Kabichi tu ndilo litabadilishwa, hilo nakwambia mapema. Nipe mjukuu wangu."

Shangazi alikuwa ameshafunua pazia linalotenganisha kitanda na jiko. Akachungulia nyuma ya kabati. Mama Glory akamsaidia kuchungulia.

Mama akafungua mkoba wake, akatoa shali nyeupe ya kufuma. Naijua ile shali. Ipo kwenye picha yangu ya ubatizo, mimi nimo ndani yake nalia. Sikujua kama bado ipo. Ilikuwa inanuka dawa ya nondo na sabuni, imekunjwa kama imetoka dukani. Alikuwa ameitunza miaka yote hii kwa siku moja, na akaamua siku yenyewe ni leo.

Ningeweza kudanganya. Nakiri niliwaza. Niseme wamesafiri, wameenda kwa wazazi wa binti, nipate wiki moja ya kufikiri. Lakini shali ilikuwa imeshanyooshwa juu ya mikono ya Mama, tayari kupokea mtu.

Nikageuka nikaiwasha kompyuta.

"Mama, ni hawa hapa."

Mama akatafuta miwani. Akasogea. Pale kwenye kioo binti wa mwenye duka la mbegu alikuwa anamwagilia kabichi, amevaa kofia ya majani. Akatugeukia akasema kama anavyosema kila asubuhi, kwa maandishi, kwamba leo hali ya hewa ni nzuri.

"Huyu ni nani?" Mama akauliza.

"Ndiye mke."

"Mbona kichwa kikubwa hivi?" akasema Shangazi.

"Ni gemu, shangazi. Mchezo. Baba alinisikia nawaeleza wenzangu habari za mchezo."

"Na mtoto?"

Nikaingia ndani ya nyumba ya kwenye gemu, nikawaonesha. Kabichi amelala kwenye kitanda chake, duara la uso na nukta mbili za macho. Mama Glory ndiye aliyekuwa wa kwanza kushindwa. Alianza na kikohozi, kikawa kicheko, akashika fremu ya mlango, akaita watu wa chumba cha jirani waje waone mtoto wa Anaeli.

Mama hakucheka. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo.

"Kwa hiyo hayupo."

"Hayupo, Mama."

"Wala mama yake."

"Wala mama yake."

Akaanza kuikunja shali. Taratibu, ncha kwa ncha, akifuata mistari yake ya zamani. Wanangu, natamani angenitukana. Natamani angenitupia ile chupa. Aliikunja tu, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu. Sijawahi kusikia zipu yenye sauti kubwa namna ile.

Hapo simu yake ikaita. Baba, amepata chaji mahali. Mama akaweka spika, maana sikio lake moja halisikii vizuri.

"Mama Anaeli, umemshika? Anafanana na nani?"

"Baba Anaeli, mtoto ni wa kompyuta."

"Wa kampuni gani?"

"Kompyuta! Kom-pyu-ta! Yuko kwenye mashine! Ni mchezo!"

Kimya. Kilekile cha kwenye rekodi.

"Na yule mwanamke anayetaka kumwacha?"

"Naye yuko humohumo. Anamwagilia kabichi."

"Mimi nimeshatoka kwa mchungaji," akasema Baba. "Nimemweleza yote. Tumeomba pamoja. Amesema ndoa ibarikiwe na mtoto abatizwe, tusiwanyooshee vidole. Kwaya walikuwa mazoezini, wamesikia. Wamepiga vigelegele, Mama Anaeli."

Nilikaa kitandani. Mguu mmoja kiatu, mguu mmoja wazi.

Shangazi ndiye aliyefungua chupa. Alisema mtori haurudi mlimani. Akamimina bakuli, akaniwekea mapajani, na nikala mtori wa mzazi mbele ya wanawake watatu na majirani wawili waliokuwa dirishani. Mtamu. Nyama laini. Kila kijiko kilinishuka kama jiwe. Mama aliniangalia mpaka nilipolamba bakuli, kisha akauliza swali moja, kwa upole ambao hadi sasa unaniuma.

"Yule wa kwenye mashine ulimpelekea maua kila siku?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe unajua," akasema. Akachukua mkoba wake.

Niliwasindikiza mpaka barabarani. Mama alitembea mbele, hakugeuka. Nilimwambia nisamehe, akasema hakuna wa kumsamehe, alifurahi mwenyewe. Kuanzia nyumbani mpaka njia kuu alikuwa amemwambia kila aliyekutana naye kwamba amepata mjukuu, na sasa ilimbidi apande na njia ileile, mlango kwa mlango. Shangazi alinishika bega akanong'ona kwamba ana jirani ana binti, ni mwalimu, na kichwa chake ni cha kawaida.

Nimerudi, nimeifuta rekodi. Gemu sijalifuta. Nilijaribu, likaniuliza kama nina hakika nataka kuiacha familia yangu, nikaizima kompyuta.

Kesho baada ya ibada Baba anataka nisimame mwenyewe mbele ya mchungaji na kwaya nzima niwaeleze mtoto wa kubatizwa yuko wapi. Mwenye maneno mazuri ya kuanzia aniandikie pembeni. Wa kucheka, tafadhali, asicheke hadi Jumatatu, kwa heshima ya marehemu wangu wawili, mke na Kabichi.