Pole Si Kuomba Radhi

Jumapili, 1 Machi 2009

Nimempiga Norbert. Puani, kwa kitabu cha nyimbo. Nani angeamini? Mimi, ambaye huona haya hata kubonyeza kengele ya basi!

Kisa ni matangazo ya kanisa. Mwaka mzima nimeyasoma mimi, kwa Kiswahili. Nimezaliwa hapa Stockholm, Kiswahili changu nimekitoa vitabuni, nacho ni safi kama maji ya chupa. Leo mchungaji amempa Norbert, aliyekuja kutoka Bujumbura juzijuzi tu. Nikavumilia. Baada ya ibada, mbele ya kwaya nzima, akaanza kuniiga: "Wapendwa waumini, mnaarifiwa kwamba!" Akasema naongea kama redio ya serikali siku ya msiba. Hata Diane, rafiki yangu wa kwaya, akacheka. Diane!

Kitabu kilikuwa mkononi. Damu kidogo, shati jeupe, makelele.

Mama amenisema kwenye treni mpaka kwetu Hallunda. Kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiswidi ili abiria nao wafaidike.

Jumatano, 4 Machi

Mama Norbert amekwenda polisi! Leo nimehojiwa, Mama pembeni yangu akikausha macho. Kosa langu kwa Kiswidi ni misshandel, yaani shambulio la mwili. Neno kubwa mno kwa pua ndogo vile.

Hali ni hii. Nikikubali kuketi na Norbert mbele ya mpatanishi wa manispaa, nikamwomba radhi, huenda mwendesha mashtaka asinifikishe mbali. Nikikataa, ni mahakama ya wilaya. Nikitiwa hatiani, jina langu litaingia kwenye rejista ya wakosaji. Mimi, Gilles, ninayetaka kuwa hakimu!

Mama amesema ni neno moja tu, förlåt, nisamehe, na hajasikia mtu aliyekufa kwa kulisema. Nikamjibu kwamba heshima ya mtu haipimwi kwa vifo. Akaniambia nikaoshe vyombo.

Jumanne, 17 Machi

Mbinu imepatikana. Nimecheka peke yangu bafuni.

Kiswidi ni lugha maskini. Kina förlåt, na ukilisema umekiri. Kiswahili kina POLE. Mtu akinyeshewa, unamwambia pole, na mvua hukuileta wewe. Akijikwaa, pole. Akifiwa, pole. Pole haikiri chochote! Kesho, kwenye kikao cha mpatanishi, mkalimani atakuwepo kwa sababu Mama Norbert hajui Kiswidi. Mimi nitazungumza Kiswahili, nitasema eti ni kwa heshima ya wakubwa. Nitampa Norbert pole yake. Watu wa manispaa wataridhika, jina langu litabaki safi, nami sitakuwa nimemwomba radhi mtu yeyote. Hakimu mtarajiwa!

Jumatano, 18 Machi

Siku mbaya. Lakini ya kishujaa.

Mpatanishi anaitwa Josefin, ana sauti ya mtu anayelaza mtoto. Alikuwa ameweka mishumaa na bakuli la biskuti. Mkalimani ni Bi Akeyo, Mkenya wa Sundbyberg. Norbert alikuja na plasta puani, baada ya siku zote hizo! Yule ni msanii.

Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema, "Norbert, pole sana." Kwa sauti nzuri kabisa. Bi Akeyo akamgeukia Josefin na kutafsiri: "Förlåt mig, Norbert."

Josefin akashika kifua. Mama akasema asante Yesu. Yote yalikuwa yamekwisha! Ningekaa kimya, saa hii ningekuwa mtu huru.

Ila Norbert alitabasamu. Akaninong'onezea, "Umepiga magoti, redio."

Nikainua mkono kama darasani. Nikamweleza Josefin kwamba tafsiri ina kasoro, kwamba pole ni salamu ya huruma tu, kama vile kwa aliyenyeshewa. Bi Akeyo akafikiri, maana ni mtu wa haki, akasema ndiyo, mtoto anasema kweli, inawezekana ikawa hivyo. Josefin akauliza, je, basi najutia? Nikajibu kwamba suala hilo liko nje ya maana ya neno.

Mama Norbert akasimama, akavaa koti. "Ala! Kumbe mwanangu alinyeshewa? Basi huyo wingu tutaonana naye kortini."

Mama hajaniita jina tangu tutoke pale. Ananiita Wingu.

Alhamisi, 7 Mei

Mahakama! Hakimu mmoja, na wazee watatu wa baraza kando yake. Hakuna majoho wala nyundo. Inafanana na chumba cha walimu. Nilivunjika moyo kidogo.

Wakili wangu, Christina, alikuwa amenisihi nijibu kwa ufupi na nikiri, maana watu wote wa kwaya waliona. Nilikuja na hotuba.

Hakimu akauliza kama nilimpiga Norbert kwa kitabu. Nikasema kitabu kilifika usoni mwake. Akauliza kilifikaje. Nikasema kilikuwa mkononi mwangu, na mkono ulikuwa safarini. Mzee mmoja wa baraza akaangalia dari, mabega yakimtikisika. Christina akafumba macho. Nikaanza hotuba: Kiswahili, heshima, matangazo, redio. Hakimu alinisikiliza kwa subira, kisha akasema lugha yangu ni nzuri, ila yeye ameuliza habari za pua.

Diane alikuwa shahidi. Nilitegemea huruma. Akasema: "Alimpiga. Halafu akafuta kitabu kwanza, ndipo akamwangalia Norbert." Ni kweli. Kitabu ni mali ya kanisa!

Tukatolewa nje, tukaitwa tena. Nina hatia. Hukumu ni kazi ya vijana bila malipo, chini ya ustawi wa jamii. Na jina langu linaingia kwenye rejista. Hakimu alilisema taratibu, akinitazama mimi, si karatasi. Hapo tu ndipo nilipoikunja hotuba yangu.

Mama alilia kwenye korido. Norbert akaja, plasta haipo. Akasema hata yeye hakutaka mambo yafike huku, angetosheka na "nisamehe" moja hata ya kunong'ona, na matangazo angenirudishia, kwani mwenyewe anayaona yanachosha.

Nikamwambia nitafikiria kukata rufaa.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeanza adhabu. Maktabani! Walidhani wananiumiza. Kazi ni kurudisha vitabu kwenye rafu.

Msimamizi wangu ni Malik, kijana wa chuo mwenye mashavu ya kujiamini. Alinikuta nasoma, akaniambia nimeletwa kupanga vitabu, si kuvimaliza. Mbele ya wasomaji! Baadaye kitoroli cha vitabu kikamgonga kwenye muundi. Malik anasema nimekisukuma, na kwamba nikimwambia neno moja tu la kiungwana, hatapeleka habari kwa mwanamke wa ustawi wa jamii anayesimamia adhabu yangu.

Neno moja! Mimi sikusukuma. Niliachilia, kwa nguvu. Kati ya kusukuma na kuachilia pana tofauti kubwa, na kesho saa nne, mbele ya huyo mwanamke, nitaieleza yote. Nimeshaandika kurasa tisa.