Pacha Wangu wa Chumba Namba Tisa

Kwa Ndugu Mganga Mfawidhi,

KUHUSU: OMBI LA KUTAMBULIWA RASMI KUWA WATU WAWILI

Nakusalimu nikiwa nimekaa, maana kusimama leo kumenishinda. Mimi ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja, na mgonjwa wako mwaka wa tatu huu. Naandika kwa heshima zote, ingawa zimeanza kupungua.

Mkuu, nina faibromialjia. Mwili unauma kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo, lakini nikipigwa picha mifupa inatoka safi kabisa. Nina sonona pia, ile huzuni nzito inayokufanya uitazame sufuria chafu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Maumivu yakinikosesha usingizi, huzuni inanona. Huzuni ikinona, maumivu yanapamba moto. Haya mawili yanashirikiana vizuri kuliko idara zako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba namba nne, daktari wa maumivu alinibonyeza mabega, nikalia, akaandika nianze kutibiwa huzuni. Chumba namba tisa, mshauri wa afya ya akili alinisikiliza, nikalia tena, akaandika nianze kutibiwa maumivu. Nimeupita ukumbi wa kati ya vyumba hivyo mara nyingi mpaka mfagiaji ananiita mkaguzi.

2. Kila chumba kilitaka faili lake, lakini karani wa masjala alisema kanuni hairuhusu mgonjwa mmoja kuwa na mafaili mawili. Kwa uchovu nikamjibu, "Basi andika tuko mapacha." Jamani, akaandika. Akauliza pia ni nani alitangulia kuzaliwa. Nikasema ni mimi, wa namba nne.

3. Kliniki zote mbili ni Jumanne saa tatu. Nikiwa namba nne, pacha wangu anaandikwa mtoro namba tisa. Ameshakosa mara tatu, nami nimekabidhiwa barua kali nimfikishie. Nimeifikisha, mkuu. Nimeisoma mbele ya kioo, akasikitika sana.

4. Habari imefika nyumbani. Mama mkwe ananung'unika kwamba miaka ishirini na miwili ya ndoa nimemficha ndugu yangu, tena mgonjwa. Mume wangu, mtu mpole, chumvi ikizidi anasema atakuwa amepika yule mwingine.

5. Hili ndilo linalonichoma. Binti yangu anaolewa baada ya wiki sita. Gauni lake nalishona mwenyewe, na limebaki mkono mmoja. Nikishika sindano vidole vinawaka. Vikipoa, hamu imeshakwisha, nabaki nimelipakata tu. Nataka kulimaliza gauni la mwanangu, basi.

Kwa hiyo tunaomba tuthibitishwe kuwa wawili, tupewe nafasi mbili kwenye benchi, yeye alie namba tisa huku mimi nikibonyezwa namba nne. Siku ya harusi naye akae meza ya wazazi. Ikishindikana, tafadhali vunja vyumba namba tano, sita, saba na nane, ili madaktari wako waonane.

Tusalimie daktari, mshauri, mfagiaji, na hasa karani, aliyetuzaa.

Ni sisi wagonjwa wako watiifu,
Fundi Cherehani na Mwenzake

N.B. Niliileta barua hii mwenyewe juzi, ila sikuwahi kuikabidhi. Mfagiaji, aliyechoka kuona nikimkanyagia sakafu mbichi, akaenda kuwaita madaktari wote wawili. Wakaketi kwenye benchi, mimi katikati. Kwa dakika kumi tu wakaandika karatasi moja: dawa moja inayosaidia pande zote mbili, mazoezi madogo madogo, na niwaone kwa pamoja. Walipoinuka, mshauri akauliza kwa upole kama pacha wangu amekuja. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, zilipouma nikalia, kisha nikacheka tena, na nakiri sikujua ni yupi kati yetu aliyekuwa akilia. Mkuu, usitutenganishe. Ombi lote lifute na faili la pacha lichane. Jana nilipiga mishono minane ya ule mkono wa gauni. Ila naomba mama mkwe asiambiwe kwanza. Ameshamtandikia pacha wangu kitanda cha mgeni, na nimekilalia mchana huu, usingizi mzuri ambao sijaupata miaka mitatu.