Mkojo Wangu Umesingiziwa Mimba

Kwa Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya mtaani kwetu,
Masuguru, Korogwe.

Ndugu Mganga,

Shikamoo kama umenizidi umri; kama sivyo, naisubiri yako. Mimi ni Mwanaisha Mhina, mjane, mama mkwe wa Swaumu, aliyebeba mjukuu wangu wa kwanza. Naandika kwa heshima zote, ila nimekasirika.

1. Mimba ilipokuwa changa, nesi wenu Glory alimpa Swaumu kichupa chenye jina lake alete mkojo wa asubuhi, eti mnaweza kujua mapema kama atapata presha ya ujauzito. Nyumbani kwangu mimba changa haitajwi hata kwa jirani, nyie mnataka ipite sokoni ndani ya kichupa kinachoonyesha! Watu wana macho mabaya. Nilikijaza mwenyewe Swaumu akiwa bado amelala, naye akakipeleka bila kujua.

2. Majibu yakaja: mkojo una protini, mwenye nao yuko hatarini kupata presha, hata kifafa cha mimba. Mwenye nao ni mimi! Tangu marehemu Mwinjuma aondoke sina hata mchumba wa kunisindikiza gulioni. Hiyo mimba mmenipa kwa kibali cha nani?

3. Glory akatoa vidonge vya kila jioni, vya kuzuia hiyo presha. Mkojo ni wangu, basi na vidonge ni vyangu. Swaumu nilimwambia namtunzia, nikavimeza mimi.

4. Glory akaagiza mjamzito apumzike na chumvi ipungue. Sasa Swaumu kajilaza, mimi nateka maji, na makande yangu hayana ladha. Yaani mkojo wangu mwenyewe umeninyima chumvi jikoni kwangu.

5. Kila wiki Glory anapiga simu Swaumu aje kupimwa presha. Nimekataa. Mkojo uliosema ana hatari si wake, kwa hiyo hana hatari. Na kama kweli mkojo unatabiri, utuambie mvua ya Handeni itanyesha lini. Nina shamba la mahindi kule linasubiri, na dumu la kuwaletea huo mkojo nimeshaliosha.

Naomba mniombe radhi, na mnipe barua yenye muhuri kwamba sina mimba, isomwe kwenye kikoba chetu. Mwenzetu wa kikoba, Paulina, kaniona nikimeza vile vidonge na ameshaanza kuninunulia khanga za uzazi.

Msalimie Glory, ingawa ananikera, na mlinzi, na kina mama wote wa benchi la kliniki.

Ni mimi niliyechoka kula bila chumvi,
Mwanaisha Mhina

Nyongeza: Nilikuwa nakunja karatasi Swaumu akaniita. Uso umevimba, viatu havimwingii, kichwa kinamgonga na anaona vimulimuli. Naogopa, Ndugu Mganga. Mwanangu Sabiri, mumewe, yuko Dindira kwenye mashamba ya chai, na sijui nitamtazamaje. Malalamiko yote hapo juu nayafuta, lakini usiichane barua, maana humo ndimo utakamojua kwamba mkojo wake hamjawahi kuupima na vile vidonge hakumeza hata kimoja. Namkabidhi mlinzi aikimbize kwako. Kichupa kingine ninacho mkononi, na safari hii nimesimama mlangoni mpaka akakijaza mwenyewe. Tuko getini, kwenye bajaji ya Muhsin. Usinijibu kwa barua. Leteni machela.