Siku ya Kukatika Chuma cha Rowan

Jumatano, 6 Machi 2019
Chuma cha Rowan kitakatika Jumamosi ya wiki ijayo! Nimeshaalika nusu ya mji wetu wa Morwell.

Mwanangu ni kichwa. Mabomba ya mvuke ya kituo cha umeme yakikaa motoni miaka na miaka hurefuka taratibu, kama lastiki ya soksi, mwisho hupasuka. Lini? Rowan ndiye mpiga hesabu. Kipande chake cha chuma kimo ndani ya tanuri la maabara, kinavutwa na uzito, huu mwaka wa tatu. Kikikatika karibu na hesabu yake, anaajiriwa moja kwa moja. La sivyo, mkataba umekwisha, anakwenda Perth. Perth! Upande wa pili wa nchi. Nitampikia nani?

Kweli, Jumamosi hakuitaja yeye. Alisema kati ya Machi na Mei. Sasa nani hualikwa kati ya Machi na Mei? Nikachagua siku.

Ijumaa, 8 Machi
Fedheha. Jirani yangu Coral kaniuliza, mbele ya watu dukani kwa muoka mikate, kama na chuma nacho kimepewa kadi ya mwaliko. Wakacheka wote. Mwanawe anauza magari ya mtumba, hajatabiri hata mvua.

Nimemwuliza Rowan kama tanuri haliwezi kuongezwa moto kidogo. Akaacha kutafuna. Akasema kikiguswa, kipimo kimeharibika. Woga huo kaurithi kwa marehemu baba yake.

Jumapili, 10 Machi
Siku ya familia maabarani. Soseji, sosi ya nyanya, nzi. Rowan kanionyesha tanuri lake: mkono mrefu wa chuma, mwishoni uzito unaning'inia. Uzito wenyewe haba! Alipoitwa kugeuza soseji nikatundika mkoba wangu hapo. Una vimkate vya skoni na mitungi miwili ya jemu ya aprikoti. Kumsukuma mtoto mbele kidogo tu. Mara tukaitwa kupigwa picha, mlango ukafungwa. Mkoba umebaki. Kesho sikukuu, hakuna wa kufungua.

Jumanne, 12 Machi
Kimekatika! Nilisikia kwa mlinzi wa maabara, nikampigia Coral kabla sijanawa uso.

Saa nne Rowan akaja, mkoba mkononi, jemu inachuruzika. Akauweka mezani polepole.

"Miaka mitatu, Mama."

Nikamwambia si Machi hii, kama alivyosema?

"Hesabu yangu haikuwa na jemu."

Hakunywa chai. Hajawahi kuikataa chai yangu.

Alhamisi, 14 Machi
Nimempelekea keki mkuu wake, Bwana Pappas. Kasema kwa upole kwamba kipimo hakifai, mkataba hauongezwi, na keki nirudi nayo. Rowan anafunga mizigo. Nimelia juu ya kikapu cha nguo zake. Coral kaleta supu, wala hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Lakini wameweka kipande kipya tanurini, kwa hesabu ile ile ya mwanangu! Nikamwuliza kupitia mlangoni kitakatika lini. Akasema kama miaka mitatu, huenda zaidi, huenda pungufu, na tafadhali nisimwambie mtu.

Nimeshamwambia Coral. Jumamosi, 12 Machi 2022, saa nane mchana, kwangu. Waje wote, na Rowan atatoka Perth.