Ombi la Kuzuia Mikono ya Wananchi Kwenye Boneti Yangu

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Kimara, Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUZIMA KWA GARI LANGU NA WANAODAI KULIPONYA

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa kuwa umenizidi umri, ingawa katika haya nitakayoandika sidhani kama umenizidi.

Mimi ni Gervas Chilumba, mwenye lile gari jeupe la zamani ambalo umeshalikuta mara nyingi limesimama kando ya Barabara ya Morogoro, boneti juu, watu wamelizunguka kama wanagawana nyama. Jumamosi natakiwa kumpeleka mpwa wangu Noela kanisani Mtoni kufunga ndoa, kwa gari hilohilo. Kwenye kamati ya harusi nilipinga kwa hoja nzito wazo la kukodi gari la watu baki. Nilishinda, na sasa ushindi unaninyima usingizi. Dada yangu Anjelina, mama yake Noela, aliniambia mbele ya wajumbe: "Kaka Gervas, mwanangu akishuka njiani na shela lake, mimi na wewe tutakuwa tunasalimiana misibani tu."

Gari lina tabia moja. Linatoka nyumbani likiwa zima, likishapata moto kwenye foleni linazima ghafla, na likipumzika linawaka. Kwa fundi halizimi kamwe. Fundi Anselmo alilisikiliza asubuhi nzima likinguruma bila hata kukohoa, akanirudishia ufunguo, akasema hawezi kumtibu mgonjwa anayecheka. Mimi nimesoma na kutafakari, nami naamini ni koili: ikipata joto inakata umeme, ikipoa inarudi. Anselmo amekubali kuibadilisha kwa sharti kwamba nimthibitishie gari limezima likawaka bila mtu kuligusa. Sharti la haki kabisa. Ila katika mtaa wako, Mwenyekiti, haliwezekani, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mwishehe, muuza chipsi, anashikilia kwamba ni pampu ya mafuta. Gari likizima anaacha chipsi zinaungua, analala chini na kuligonga tangi kwa kiatu. Siku moja likawaka akiwa bado yuko chini. Tangu hapo ananisalimia kama daktari anayekutana na mtu aliyemfanyia upasuaji: "Mzee Gervas, ile pampu mie ndo niliyeiamsha."

2. Praygod wa bodaboda anasema ni waya za plagi. Huzichomoa na kuzirudisha moja moja, taratibu sana, na wakati anamaliza injini imeshapoa. Naye amejipatia wafuasi.

3. Bi Mwanaasha wa vitumbua anasema mafuta ni machafu, na huamuru vijana walitikise gari. Hulitikisa nikiwa ndani.

4. Juzi walibishana wote watatu hadi wakasahau kugusa chochote. Nilifurahi, maana huo ndio uthibitisho niliokuwa nautafuta. Nikazungusha ufunguo, gari likaitika, na wote watatu wakasema kwa pamoja, "Umeona?" Nilipomsimulia Anselmo, aliniuliza kama nina hakika hakuna aliyelitikisa. Sikuwa na hakika.

5. Nimewaomba kistaarabu wasimame kando, mikono mfukoni. Praygod akanijibu, "Sasa mzee wangu, mwenzetu amekwama halafu sie tunamtazama tu, si tutaonekana hatuna utu?"

6. Maradhi haya yameenea. Umeme ukirudi, aliyekuwa anapigapiga mita anatembea kifua mbele. Hata ofisi yako, Mwenyekiti: lile bwawa la barabarani lilikauka lenyewe baada ya masika, nanyi mkatutangazia kwa kipaza sauti kwamba limeshughulikiwa. Sitaki ugomvi. Nasema tu kwamba mlikuwa mmesimama karibu nalo lilipokuwa linakauka.

Kwa hiyo naomba utoe amri ya maandishi kwamba gari likizima mtaani, watu wasimame mbali kama wanavyosimama msibani: watoe pole, wanyamaze, wasiguse. Amri hiyo baadaye ipelekwe kata, kisha wilaya, na mwisho itungiwe sheria, ili katika nchi hii mtu asisifiwe kwa jambo lililotengenezwa na muda. Na siku ya Jumamosi naomba wewe mwenyewe ukae kiti cha mbele kama shahidi asiyefanya lolote. Nimetafuta mwenye uzoefu zaidi yako katika kazi hiyo, nimekosa.

Nisalimie nyumbani kwako, wajumbe wako wote, na yule karani ambaye ataisoma barua hii kabla yako.

Wako katika kungoja lipoe,
Gervas Chilumba

Nyongeza, Jumapili: Ijumaa nilikuta ofisi yako imefungwa. Jana gari lilizima pale Tazara, Noela nyuma na shela lake, Anjelina pembeni yangu. Nikashuka, nikasimama mbele ya boneti, mikono mfukoni, kama nilivyokuandikia. Noela akachungulia dirishani: "Mjomba, unafanya nini?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba sifanyi kitu, nami sikuona namna ya kulitamka huku dada yangu ananitazama vile. Nikafungua boneti. Nikaushika waya wa plagi ya tatu, nikaupuliza, nikaurudisha kwa uangalifu. Baada ya muda likawaka, vigelegele vikapigwa hadi wenye magari mengine wakapiga honi, na Anjelina amelitangazia kanisa zima kwamba kaka yake ni fundi. Nimetafakari upya, Mwenyekiti. Ni plagi ya tatu, ila inataka mkono unaojua. Barua nakuletea hivyohivyo kwa kuwa hoja zake bado ni nzuri, isipokuwa pale penye habari ya mikono. Hapo pafute mapema, maana Jumanne nimeombwa nikaliangalie gari la shemeji yake Mwishehe, na nimeshamwambia kwa simu kwamba asiliguse mpaka nifike.